Mume wangu anakoroma na pumzi inakatika. Nimzibe mdomo kwa plasta?

SWALI

Daktari, pole na kazi. Mume wangu ana miaka 46, ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Tunduma na kurudi Dar es Salaam. Akiwa nyumbani hatulali. Anakoroma mpaka watoto walio chumba cha pili wanamsikia, na mdomo unakuwa wazi tangu anaposinzia hadi asubuhi. Lakini kinachonitisha si kelele. Katikati ya kukoroma kunatokea kimya, kifua kinapanda na kushuka ila hewa haisikiki, halafu anagutuka kama mtu aliyepaliwa na kuanza upya. Anaamka mdomo umekauka na kichwa kinamuuma. Mchana akikaa kwenye kiti, dakika 10 nyingi, ameshalala. Ana presha na anameza dawa kila siku. Ana kilo 98, urefu wake mita 1.70, na mashati yake ni kola namba 17. Akiwa nyumbani anakunywa bia mbili tatu kabla ya kulala.

Pua yake imeziba karibu mwaka sasa. Kila usiku anaweka matone ya kufungua pua ya duka la dawa, asipoweka hapati hewa kabisa. Nimeona kwenye simu watu wanaziba mdomo kwa plasta wakilala ili wapumue kwa pua, wanasema kukoroma kunaisha. Nimfanyie hivyo?

Mtoto wetu wa miaka mitano naye anakoroma, analala mdomo wazi, na ameanza tena kukojoa kitandani. Mama mkwe anasema ana kimeo kirefu, akakatwe. Mume wangu kwa upande wake anasema baba yake alikoroma maisha yake yote na hakuna lililompata. Nifanye nini?

Mama wa watatu, Mbagala

JIBU

Dada yangu, usimzibe mumeo mdomo, na mtoto asikatwe kimeo. Hayo mawili yashike kwanza, maelezo yanafuata.

Mdomo wa mumeo unafunguka usiku kwa sababu pua imeshindwa kazi. Ukiuziba kwa plasta unamwondolea njia pekee ya hewa iliyobaki. Akiwa na bia tumboni na akatapika usingizini, matapishi hayana pa kutokea. Hata mtu ambaye pua yake ni nzima, plasta haiondoi kile kimya unachokisikia, kwa sababu kinatokea kooni, nyuma ya ulimi, mahali ambapo plasta haifiki.

Tukilala, misuli ya koo inalegea. Kaakaa laini, kimeo, shina la ulimi na kuta za koo vinasogeleana, njia inakuwa nyembamba, hewa inalazimika kupita kwa kasi, na nyama hizo laini zinapigapiga kama turubai la lori lisilofungwa vizuri. Huko ndiko kukoroma. Mdomo ukiwa wazi hali inazidi: taya la chini linashuka na kurudi nyuma, na kwa kuwa ulimi umeshikana na taya, nao unarudi na kubana njia. Kwa hiyo kupumua kwa mdomo kunaletwa na pua iliyoziba, na kwenyewe kunaongeza kukoroma. Mate nayo yanakauka, na kinywa kikavu usiku kucha kinaharibu meno na kuleta harufu mbaya hata kwa anayepiga mswaki vizuri.

Wakoromaji wengi wanaishia hapo, kwenye kelele tu. Mumeo ameshavuka. Uliposema kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haisikiki, umeeleza njia ya hewa iliyofunga kabisa huku mwili ukiendelea kuhangaika kuvuta. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka na kumwamsha nusunusu, koo linafunguka, anagutuka, analala tena, linafunga tena. Yeye hakumbuki kitu asubuhi. Kila mshtuko unamwaga homoni zinazopandisha presha na kuuendesha moyo mbio, ndiyo maana presha ya watu wa namna hii mara nyingi inakataa kushuka hata kwa dawa mbili au tatu. Tatizo hili ni pumzi kukatika usingizini. Kila pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi inahesabiwa, pamoja na zile zinazopungua sana bila kukatika kabisa. Kwa mtu mzima, chini ya 5 kwa saa ni kawaida, kuanzia 5 ni tatizo dogo, kuanzia 15 ni la kati, na 30 kwenda juu ni kali.

Madaktari wana maswali manane ya kupima hatari kabla ya vipimo vyenyewe. Je, anakoroma kwa sauti inayovuka mlango? Anachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyeona pumzi ikikatika? Ana presha? Ana zaidi ya miaka 50? Shingo inazidi sentimita 40? Ni mwanamume? Uzito wake kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita mara urefu, unazidi 35? Kila ndiyo ni alama moja, na kuanzia alama 5 hatari ni kubwa. Mumeo: umri haujafika, uzito unatoa karibu 34 kwa hiyo hapo ameponea, lakini kola namba 17 ni shingo ya sentimita 43 hivi. Jumla yake ni 6.

Kwa hiyo anahitaji kipimo cha usingizi. Nenda naye kwanza kwa daktari anayemtibu presha na muombe rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Wapo hospitali ya Muhimbili, na kwa wasomaji wa mikoani wapo hospitali za KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Ulizia kwa simu kabla ya safari kama kipimo cha usingizi kinapatikana hapo au mtaelekezwa kwingine. Kipo cha kulala hospitalini na kipo cha kifaa kidogo cha kwenda nacho nyumbani, chenye kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni, mrija mwembamba chini ya pua na mkanda wa kifuani.

Usiende mikono mitupu. Mrekodi video ya dakika 30, simu ikiwa imeegemezwa karibu na kitanda, kifua na uso vikionekana kwa mwanga hafifu. Rekodi saa mbili au tatu baada ya yeye kulala, na usiku mwingine alfajiri, maana pumzi hukatika zaidi wakati wa usingizi wa ndoto, ambao mwingi huja kuelekea asubuhi. Kisha sikiliza na saa mkononi, andika kila kimya kimechukua sekunde ngapi. Video hiyo haichukui nafasi ya kipimo, ila daktari akiiona hatakuambia umpunguzie mto tu.

Sasa jambo lisilosubiri kipimo: kazi yake. Mtu anayelala kwenye kiti ndani ya dakika 10 hafai kushika usukani wa lori lenye mzigo kushuka mteremko wa Kitonga. Mpaka atibiwe, bora asiendeshe; akishindwa kuacha, aombe safari za mchana, aende na utingo au dereva mwenza, na macho yakianza kuwa mazito asimame mahali salama alale dakika 15 hadi 20. Kufungua dirisha na kuongeza redio hakuzuii usingizi wa namna hii. Kahawa inasogeza mbele kidogo tu, na usingizi uliozuiwa kwa kopo la kinywaji cha nguvu ukirudi unarudi kwa kishindo. Tiba ikishika, wengi wanaona tofauti ya usingizi wa mchana ndani ya wiki chache, na kazi inaendelea.

Twende kwenye pua, kwa sababu hapo kuna kosa linalorekebishika. Matone yale ya kufungua pua, yawe ya ephedrine, xylometazoline au oxymetazoline, yanafanya kazi kwa kubana mishipa ya damu iliyovimba ndani ya pua. Ni dawa nzuri kwa siku 3 hadi 5, zisizidi 7. Baada ya hapo mishipa inazoea, dawa ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, mtu anaongeza tone, na mwaka unapita. Pua ya mumeo sasa inazibwa na dawa yenyewe. Zaidi ya hapo, dawa hizo zinaweza kupandisha presha, naye tayari ana presha.

Kuyaacha kwa siku moja ni mateso, wengi wanarudi. Njia inayovumilika ni kuacha tundu moja kwanza. Aanze dawa ya kupuliza yenye steroidi ya puani (dawa ya kupunguza uvimbe), kwa mfano fluticasone, mometasone au beclometasone, matundu yote mawili kila siku kama alivyoelekezwa na daktari au mfamasia. Matone ya zamani aweke tundu la kushoto tu usiku. La kulia litaziba siku kadhaa kisha litaanza kufunguka, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Likifunguka, aache na la kushoto. Steroidi haitoi nafuu papo hapo: inaanza kuonekana baada ya siku chache na inafikia nguvu yake baada ya wiki mbili au zaidi. Wengi wanaitupa siku ya tatu wakisema haifanyi kazi.

Namna ya kupuliza ina maana kubwa. Ainamishe kichwa mbele kidogo, atumie mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, ncha ielekee upande wa sikio, siyo ukuta wa katikati. Anayepuliza kwenye ukuta wa katikati ndiye anayetoka damu. Avute taratibu tu. Akivuta kwa nguvu, dawa inapita yote hadi kooni na anaionja.

Kabla ya dawa, asafishe pua kwa maji ya chumvi. Chukua nusu lita ya maji yaliyochemka vizuri angalau dakika moja yakapoa hadi uvuguvugu, robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi safi, na robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda (siyo baking pauda, wala magadi ya mawe). Koroga mpaka viyeyuke. Ukipunguza chumvi pua itawaka kama ya mtu aliyeingiwa na maji ya kuogelea, na ukizidisha itakauka na kuwasha. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa yasiingie puani kamwe, kuna vimelea vinavyoweza kupanda kutoka puani hadi kwenye ubongo, ni nadra lakini vinaua. Ainame juu ya sinki au beseni, afungue mdomo na kupumulia hapo, kisha kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano asukume taratibu tundu moja, maji yatokee la pili. Mililita 100 kila upande zinatosha. Apenge polepole, tundu moja baada ya jingine, asubiri dakika 10, ndipo apulize dawa. Afanye saa moja kabla ya kulala, la sivyo maji yaliyobaki yatamshukia kooni akiwa amelala. Yanayosalia yamwagwe ndani ya siku moja.

Jua pia kinachoivimbisha pua. Akae, afunge mdomo, apumue kwa pua dakika 3. Akishindwa, pua haipitishi hewa ya kutosha. Upande mmoja kuziba na kuhamia mwingine baada ya saa kadhaa ni mwendo wa kawaida wa pua, usikutie hofu. Upande uleule kuziba siku zote unaashiria ukuta wa katikati uliopinda au kinyama kilichoota. Upande huo ukitoa damu au usaha, aonwe haraka. Akiwa anapiga chafya mfululizo asubuhi na kuwashwa pua, basi aleji imo. Hapo tazama chumba: mto wa sufi wa miaka mingi umejaa vumbi na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na unyevu wa pwani unawastawisha. Badilisha mto, fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, anika juani, na chandarua kifuliwe pia. Dawa ya mbu ya kuchoma pamoja na udi visiwashwe chumba cha kulala, moshi wake unavimbisha pua iliyokwisha choka. Chandarua kinatosha.

Mlalo. Watu wengi pumzi inawakatika zaidi wakilala chali, kwa kuwa ulimi unaangukia nyuma. Alale ubavu, wowote. Kumkumbusha kwa kiwiko usiku kucha kutakuchosha wewe. Chukua fulana inayombana kidogo, shona mfuko mgongoni katikati ya mabega, tia mpira wa tenisi. Akigeuka chali mpira unamsumbua na anarudi ubavu bila kuamka. Mito miwili mirefu usimpe. Inakunja shingo, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inabanwa. Bora kuinua kichwa cha kitanda chote kwa matofali, sentimita 10 hadi 15.

Bia zisogezwe ziwe angalau muda wa saa nne kabla ya kulala, na kwa hali yake ya sasa bora ziachwe kabisa. Pombe inalegeza misuli ya koo na kuchelewesha ubongo kumgutusha pumzi ikikatika. Dawa za usingizi kama diazepam zina hatari hiyohiyo. Na wanaomeza Piriton (dawa ya aleji) kila usiku kwa ajili ya pua wajue inalaza na inakausha kinywa, haiwafai wenye tatizo hili.

Uzito una uzito wake hapa, kwa sababu mafuta hujikusanya hata ndani ya ulimi na kuzunguka koo. Kupunguza asilimia 10, kwake karibu kilo 10, kumeonekana kupunguza kukatika kwa pumzi kwa karibu robo. Nauona upungufu huo kama msaada mkubwa, siyo tiba ya kusubiriwa, maana kilo 10 zinachukua miezi na yeye anaendesha kesho. Aanze kwa kuacha soda za njiani na chipsi za saa tano usiku.

Mazoezi ya ulimi na koo yana ushahidi. Watafiti wa São Paulo, Brazili, walichapisha mwaka 2015 kwamba watu waliofanya mazoezi haya miezi mitatu, dakika 8 mara tatu kwa siku, walipunguza idadi ya kukoroma kwa asilimia 36. Walikuwa wakoromaji wa kawaida au wenye tatizo dogo hadi la kati, kwa hiyo kwa mumeo ni nyongeza tu. Abandike ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu na kuiburuta kwenda nyuma mara 20. Afyonze ulimi wote ugande kwenye kaakaa mara 20. Ncha ikigusa meno ya mbele ya chini, akandamize shina la ulimi chini mara 20. Afungue mdomo na kusema “a” akiinua kimeo mara 20. Kisha kidole ndani ya shavu, shavu likisukuma kidole kurudi ndani, mara 10 kila upande. Anaweza kuyafanya foleni ya mpakani.

Kipimo kikionyesha tatizo la kati au kali, tiba yenye nguvu kuliko zote ni mashine ya hewa inayoitwa CPAP, iliyobuniwa Sydney na Colin Sullivan, taarifa yake ikatoka mwaka 1981. Inasukuma hewa kupitia barakoa na kuliweka koo wazi. Inafanya kazi siku inapovaliwa tu. Pua ikiwa imeziba atashindwa barakoa ya pua na kuvua usiku, sababu nyingine ya kutibu pua mapema. Kwa dereva, ziko zinazotumia betri ya gari kwa kifaa cha kubadili umeme, aulize kabla ya kununua. Asiyeweza mashine na mwenye meno ya kutosha anaweza kutengenezewa na daktari wa meno kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele. Kinafaa zaidi tatizo dogo na la kati, na wiki za kwanza taya linauma na mate yanachuruzika.

Mtoto. Nyuma ya pua, juu ya kaakaa, kuna vinyama ambavyo kwa umri wa miaka 3 hadi 6 huwa vikubwa kuliko wakati mwingine wowote. Hivyo pamoja na tonsesi ndivyo vinavyomziba. Kimeo kiko chini yake na kukikata hakuvigusi, ila kunaacha jeraha kooni linaloweza kutoka damu nyingi, kuingia pepopunda, au kupitisha virusi vya UKIMWI kwa wembe uliotumika kwa mwingine. Mweleze mama mkwe kwa heshima kwamba ameona sahihi kuwa mtoto ana tatizo kooni, ila lipo juu zaidi. Kukojoa kitandani upya ni dalili inayoambatana na pumzi kukatika kwa watoto. Mpeleke kliniki ileile ya masikio, pua na koo, apigwe picha ya upande wa shingo, na apimwe usikivu, kwa sababu vinyama hivyo huziba mirija ya masikio na mtoto huonekana mtoro wa akili darasani kumbe hasikii vizuri. Wengine hupona kwa dawa ya kupuliza na kusubiri, wengine huhitaji kutolewa vinyama na tonsesi. Akilala kifua kikiwa kinabonyea kila akivuta hewa, au midomo ikibadilika rangi, mpeleke usiku huohuo.

Kuhusu mumeo kukataa: usimwambie habari za kelele, hilo linamtia aibu. Mwonyeshe video yake, mkiwa wawili, kimya cha sekunde 20 kikipita akiangalia mwenyewe. Halafu mwombe akupangie siku anayorudi kutoka Tunduma, wewe uchukue namba kliniki kabla hajafika.